Taa Ikififia, Usiguse Namba ya Barete

Mnakuja kwangu hapa Naviundu na kompyuta zenu zenye taa za rangi tumboni, mnavua viatu mlangoni kwa adabu, mnakunywa maji yangu, halafu swali ni lile lile: "Mama Barete, tuongeze voltaji mpaka ngapi?" Kuuliza si ujinga, sikatai. Lakini ninyi mnauliza kama watu wanaouliza chumvi ya mboga. Kijiko kimoja au viwili, mama, tuambie tukapike. Basi leo kaeni kitako. Namba nitawapa, ila mtaipata njiani, na njia yenyewe si nzuri.

Kwa asiyejua, na wapo hapa wanaojifanya wanajua, barete ni kile kipande chembamba cha memwari kinachochomekwa ndani ya kompyuta, chenye vijumba vyeusi vimepangwa mstari. Kila kitu ambacho kompyuta inakishughulikia kwa wakati huo kinapita hapo: picha, sauti, barua ya mchumba. Ukizima mashine, barete inabaki tupu, haina hata harufu ya kilichokuwamo. Shikeni hilo moja, mtanielewa mpaka mwisho.

Mtu akitaka mashine ikimbie kuliko ilivyopangiwa na walioitengeneza, anapandisha mwendo wa barete. Ikikimbizwa inaanza kukosea hesabu, kwa hiyo unaiongezea umeme kidogo ili ivumilie. Barete zetu za wakati ule zilitaka volti 2,5. Sisi tulizipa 2,6, na siku ya kichwa kigumu 2,7, hapo tunaweka feni pembeni na kuomba Mungu. Zenu zinataka namba nyingine, ndogo kuliko hizo, na imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya barete yenyewe. Nashangaa kila mara kwamba mtu anavuka mji mzima kuja kuniuliza kitu ambacho kimebandikwa kwenye mali yake.

Aliyenifundisha ni Yaya Donat, yaani kaka yangu mkubwa kwa upande wa mama, mtu mrefu mwenye kikohozi, aliyewahi kutunza mashine za kuhesabia mishahara kwenye ofisi moja ya mgodi. Karakana yake ilikuwa mtaa wa Makomeno, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, na choo cha wateja kilikuwa kwa jirani. Nilipoanza, nilikuwa nasikiliza mashine, natega sikio kama daktari. Akanipiga kibega.

"Weye, usisikie na masikio. Tia kidole."

Nikatia kidole juu ya barete, nikaungua, akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Kipimo chake kilikuwa hicho: kidole kikikaa juu ya barete muda wa kusema Salamu Maria nzima, ni salama. Kikikataa kabla ya "uliyejaa neema", shusha namba.

Kipimo chake cha pili nakipenda zaidi, na hamtakisoma popote. Baada ya kubadilisha namba, aliwasha programu ya kupima barete, akaenda kula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, akalala kidogo, akarudi. Kama hakuna kosa, hakumpigia mteja simu. Aliiacha mpaka jioni, saa ambayo mtaa mzima unawasha resho ili kupika. Makala, yaani makaa ya kupikia, yalikuwa yamepanda bei, kila mama alikuwa na resho ya umeme, na zikiwaka zote pamoja, taa za Makomeno zinageuka njano na feni zinazunguka kwa uvivu. Mashine iliyopita jioni ya Makomeno bila kosa, alisema, ndiyo ya kumpa mtu. Akaniambia na neno hili, ambalo wakati ule niliona ni maneno ya mzee:

"Barete yenye kufa haina mubaya. Unaitosha, unatia ingine. Uogope ile yenye iko inatumika na iko inasema bongo."

Bongo, kwetu, ni uongo.

Sasa hiyo jioni ya Makomeno inataka maelezo kidogo, kwa sababu ndimo balaa lilimopitia. Kila nyumba iliyokuwa na televisheni ilikuwa na kisanduku cha kupandishia umeme, chenye kitasa cha kuzungusha na mshale. Taa ikififia, yeyote aliye karibu anainuka na kuzungusha kitasa. Bibi anayetwanga sombe anaacha mchi, anapandisha. Mgeni aliyekuja kuposa anapandisha, na wakwe wanamshukuru. "Pandisha courant!" Mtoto wa Lubumbashi alijua amri hiyo kabla ya kujua katekisimu. Resho zikizimwa, umeme unarudi na nguvu zote, na aliyesahau kushusha anasikia televisheni yake ikisema pu. Tulizika televisheni nyingi hivyo.

Lakini namba ya barete haijuani na umeme wa mtaa. Ndani ya kompyuta kuna sanduku lake la umeme, ambalo ama linatoa kinachotakiwa, ama linazima kila kitu. Taa ya sebuleni iwe njano, iwe nyeupe, barete inapata namba uliyoiandika, ile ile. Mtu wa mji mwingine asingechanganya vitu hivi viwili. Sisi tulikuwa tumekwisha kuzoezwa na kitasa.

Msidhani wakati ule tulikimbiza mashine kwa ajili ya michezo. Alikuwepo mmoja tu wa michezo, bwana wa mtaa wa Golf mwenye nyumba ya ghorofa, ambaye aliona mashine inapata moto akaiingiza kwenye friji, pamoja na nyanya. Alipoileta ilikuwa inatoka maji kama mtu mwenye malaria. Donat aliitandaza juani siku nzima, akamrudishia nyanya moja iliyokuwa imebaki ndani. Huyo alikuwa na mchezo wa kuchezea. Wengine wote walikuwa wanatafuta chakula.

Bei ya shaba ilikuwa imeanguka. Viwanda vilifunga milango kimoja baada ya kingine, wenye navyo wakapanda ndege, na mji ukajaa wanaume waliokaa uani asubuhi wakiwa wamevaa nguo za kazi. Hilo ndilo sijalizoea mpaka leo: walikuwa wanaamka saa ile ile, wanavaa, wanakaa. Vijana wao walikwenda kuchimba kwa mikono kwenye mashimo yasiyo na miti ya kushikilia udongo. Na yeyote aliyekuwa na akiba kidogo alitafuta mashine ya kufanyia biashara yoyote. Mashine zenyewe zilikuwa mizoga, zilizochoka mahali pengine, zinavuka mpaka wa Kasumbalesa chini ya maboksi ya sabuni kwenye malori ya Papa Kambale, mfanyabiashara wa Butembo aliyeuza jumla karibu na soko. Barete mpya hazikuwepo. Tulichanganya hii na ile, tukaongeza namba kidogo ili zipatane, na mashine ya kuandikia barua tukaigeuza mashine ya kutengenezea filamu. Mbio za sakafuni, mnajua zinapoishia. Tulijua na sisi.

Papa Sylvestre alikuja kwetu katika siku hizo. Wazee wake walishuka kutoka kaskazini, upande wa Kongolo, kwa reli, na yeye mwenyewe alizeekea kwenye tanuru la shaba mpaka tanuru lilipozimwa. Alikuwa mwimbaji wa parokia, sauti ya chini, na mwanawe Gaspard alikuwa sauti ya juu. Walipoimba pamoja watu walisahau kukohoa. Kwa alichopewa kazini alinunua kamera na kompyuta, akaanza kupiga filamu za harusi na za vilio. Vilio ndivyo vilivyomlisha. Reli ilikuwa imekufa, ndugu wa kaskazini hawawezi kufika kuzika, kwa hiyo familia inatuma diski, na kule wanakaa pamoja, wanawasha jenereta, wanalia na wao. Bila diski, wale wa mbali walikuwa hawajazika.

Mashine yake ilikuwa nzito mno kwa kazi hiyo. Filamu ya mazishi ilimchukua siku mbili kuitengeneza, na umeme haukai siku mbili. Tukaikimbiza. Nilimwekea barete kwenye 2,6, tukaipima kwa kidole, kwa bukari na kwa jioni, ikapita. Lakini ilikuwa na ugonjwa mmoja. Kile kibetri cha kidonge kinachotunza mipango ya mashine kilikuwa kimekufa, na vya sokoni vilikuwa vya kudanganya, vinakufa wiki hiyo hiyo. Kila umeme ukikatika, mashine inasahau namba zake na kurudi kwenye mwendo wa konokono. Hakuna fundi wa kukaa nyumbani kwa mteja. Kwa hiyo nilimwonyesha mwenyewe mahali pa kuingilia na namba ya kuandika.

"Mama, mi nilitumikaka na moto ya shaba miaka yote ile," alisema. "Namba moja njo itanishinda?"

Akairudia mbele yangu mara nyingi, bila kosa. Donat alimtazama akienda, akasema mtu yule ana mikono mizuri. Na kweli alikuwa nayo.

Akafanya kazi miezi mingi. Kaseti za kamera zilikuwa adimu, kwa hiyo alikuwa na desturi moja: akimaliza kuingiza filamu ndani ya kompyuta, anaifuta kaseti na kupiga nyingine juu yake. Alipiga hivyo harusi ya binti yake, ambamo Gaspard aliimba peke yake wakati wa matoleo. Mimi nilikuwepo. Mama Odile, mama yao, alikaa benchi la mbele akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili, na hakupiga vigelegele mpaka mtoto alipomaliza, kwa kuogopa kufunika sauti yake.

Muda si mrefu shimo alilokuwa anachimba likamfunika Gaspard. Yeye na wenzake, asubuhi, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha. Walichimba kuwatafuta, udongo ukazidi kushuka, halafu wakubwa wa pale wakasema basi, tutapoteza na wengine. Hawakutoa mwili. Familia ilikaa kilio kuzunguka picha yake ya kitambulisho iliyokuzwa mpaka uso ukapoteza macho.

Papa Sylvestre alipiga filamu ya kilio cha mwanawe yeye mwenyewe. Watu walimwambia aache, akasema kuna mama yake mzazi, bibi yake Gaspard, aliyerudi Kongolo, mzee sana, lazima aone. Na Mama Odile alikuwa na ombi moja, ambalo alilirudia kwa kila aliyekuja kumpa pole: siku ya kumaliza kilio, kabla watu hawajatawanyika, waweke ile filamu ya harusi, wimbo wa matoleo, asikie mtoto mara moja. Baada ya hapo atanyamaza.

Ilikuwa katikati ya siku hizo Papa Kambale alipokuja karakana na diski mkononi. Sylvestre alikuwa amemtengenezea mazishi ya mdogo wake. Akaiweka kwenye mashine yetu bila salamu, na salamu hakuwa mtu wa kuisahau.

"Angaliya, Mama. Ndugu yangu bamemukata vipande."

Padri alikuwa anatembea bila kichwa. Jeneza likawa vijisanduku vya kijani, vikaruka upande mwingine wa picha, na waimbaji wakatoa sauti kama bati linaloburutwa. Donat akaniambia nichukue mkoba wangu wa kazi niende kwa Sylvestre, sasa hivi.

Nilikuta uani bado kuna mikeka ya kilio. Nilizima mashine bila kuchomoa waya, isije ikasahau, nikaiwasha, nikaingia mahali pa namba. 2,9. Nikatia kidole. Sikufika hata "Salamu".

"Nani aliweka hii?"

"Ni miye."

"Papa Sylvestre, tuliambiana mbili virgule sita."

"Courant ilikuwa faible, Mama. Taa ilikuwa inakufa. Njo nikapandisha kidogo."

"Na courant yenye kurudia, haukushusha?"

"Machine ilikuwa inatumika muzuri. Kushusha ni ya nini tena?"

Alisema kwa upole, kama mtu anayeeleza jambo ambalo kila mtu analijua, na kila mtu alikuwa analijua. Umeme wa mtaa ukikatika na kurudi dhaifu, naye anaandika namba yake upya huku anatazama taa. Taa njano, anaongeza. Jioni mbaya, anaongeza tena. Barete ikapikika polepole, haikufa, haikupiga kelele. Ikaanza kusema bongo. Kila filamu iliyopita ndani yake kutoka kwenye kaseti kwenda kwenye diski ngumu ilipita na makosa, na makosa yakaandikwa kule na kukaa. Kubadilisha barete baada ya hapo hakusaidii kitu. Nilibadilisha hata hivyo, nikaweka ya kwangu. Mazishi yalikuwa yameharibika, moja baada ya jingine, miezi mizima. Wafu wa Makomeno nzima, na kaseti zao zimefutwa.

Nikamwuliza juu ya harusi. Sikutaka kuuliza.

"Iko ndani," alisema. "Ile iko."

"Na kaseti yake?"

Akatazama kamera. Kaseti ya harusi, ambayo hakuwa ameifuta bado, ndiyo aliyoipigia kilio. Hakuwa na nyingine. Alimpiga picha kila mtu aliyemlilia Gaspard, juu ya Gaspard.

Mama Odile alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cheusi kichwani. Akaja akakaa karibu na mashine, akaweka mikono magotini, akasema tuwashe. Ningekuwa na akili ningesema umeme umekwisha. Nikawasha. Harusi ilianza vizuri: mlango wa kanisa, watoto wa maua, bibi harusi anakanyaga gauni. Nikaanza kutumaini, mjinga mimi. Tukafika kwenye matoleo. Gaspard akasogea mbele, akarekebisha kola, akafungua mdomo, na tukasikia akivuta pumzi. Tulisikia ile pumzi safi kabisa. Halafu uso ukawa vijisanduku, na bati likaburutwa mpaka mwisho wa misa.

"Rudisha," alisema Mama Odile.

Nikarudisha. Pumzi, na bati.

"Rudisha tena."

Sijui nilirudisha mara ngapi. Papa Sylvestre alikuwa ameegemea ukuta, amejifunika uso kwa kofia yake ya kazi. Nilijaribu kila nilichokijua, siku ile na siku zilizofuata, mimi na Donat, na programu zote tulizokuwa nazo. Maji yakimwagika hayazoleki. Niliwahi kuamini kwamba fundi mzuri daima anaokoa kitu, na imani hiyo nayo ilibaki pale Makomeno.

Nilipokuwa nafunga mkoba, Mama Odile aliniuliza ile barete mbovu naipeleka wapi. Nikasema naitupa.

"Unipatie."

"Mama, ndani haina kintu. Ukizima, yote inatoka. Sauti yake haiko mule."

"Ninajua. Sylvestre alishanielezea."

"Sasa utafanya nayo nini?"

"Kule ku shimo hatukupata hata kiatu," alisema. "Hii, sauti yake ilipitaka mule. Niko natafuta kintu ya kushika."

Nikampa. Siku ya kumaliza kilio hapakuwekwa filamu yoyote. Alikaa katikati ya wanawake akiwa amefumba ngumi, na mimi peke yangu nilijua ameshika nini. Papa Sylvestre hakuimba tena kwenye kwaya. Familia zilikuja mlangoni kwake kuuliza diski zao, naye akatoka kila mara, akawaeleza kila mmoja kwa kinywa chake, bila kujificha, mpaka waliposhindwa hata kumkasirikia. Baadaye alionekana uani asubuhi na wenzake, amevaa nguo za kazi. Donat alikufa kabla ya migodi kufunguliwa tena. Mimi niliendelea kidogo, lakini kila mteja aliyeniambia mashine yake inatumika vizuri alinitia hofu, na fundi hawezi kuishi hivyo.

Basi, namba. Someni iliyo kwenye barete yenu. Ongezeni kile kipimo kidogo kabisa ambacho mashine inakubali, si zaidi. Wekeni kidole, kuleni bukari, subirini jioni. Naviundu hapa taa bado zinakuwa njano resho zikiwaka. Zikififia, kaeni gizani, msiguse.

Na kuna swali nililomwuliza Papa Sylvestre siku ile, ambalo sijawaambia. Nilimwuliza kama aliisikiliza filamu ya harusi ndani ya kompyuta kabla ya kufuta kaseti. Alisema ndiyo, aliiwasha, akaona mlango wa kanisa, akaona watoto wa maua, vyote vizuri. Mtoto alipofika mbele ya altare na kufungua mdomo, akazima, kwa sababu roho ilimshinda kumsikia. Wanangu, ninyi sikilizeni mpaka mwisho, hata roho ikikataa.